Kifaa cha bei rahisi cha kukata midomo ya mabomba: unaanzia wapi kukirekebisha?

Swali: Nina kile kifaa cha bei nafuu cha kukata mdomo wa bomba, kinachotumia msumeno wa kikombe na kuzungushwa na drili ya mkono. Naweka kipimo kwenye nyuzi 90, nakata, lakini bomba nikilisimamisha juu ya jingine upande mmoja unakaa na mwingine unaacha upenyo wa kupitisha sarafu. Meno ya msumeno yanakatika ovyo, na shafti inatikisika hata kabla sijagusa bomba. Nikitupe nitafute cha gharama, au kinaponyeka?

Jibu: Usikitupe bado, fundi. Vifaa vya aina hii karibu vyote vina mchoro mzuri na umaliziaji mbaya. Wazo lake ni sahihi kabisa: shafti inayozunguka na kuteleza ndani ya nyumba yake, kikombe chenye meno mbele, drili nyuma, na kibano kinachoshika bomba kwa pembe unayotaka. Kilichokosekana ni zile saa mbili za kupima na kusawazisha ambazo aliyekitengeneza hakuwa tayari kuzilipia. Saa hizo sasa ni zako.

Lakini nakuomba usianze na shafti. Najua ndiyo inayokukera kwa sababu unaiona ikicheza. Mimi cha kwanza changu nilikibadilishia bushi, zile pete ndefu zinazoishika shafti ikizunguka, nikatia na grisi nzuri, nikakaa nikijisifu, halafu mkato wa kwanza ukatoka mbovu vilevile kama jana yake. Ugonjwa haukuwa kwenye bushi. Ulikuwa kwenye kibano.

Tuelewane kwanza kuhusu msumeno wenyewe. Ukikata mdomo kwa nyuzi 90, unapata kitu kinachofanana na mdomo wa samaki: koo lililobonyea katikati na masikio mawili yaliyochomoza pembeni. Ili bomba likae sawasawa juu ya jingine, mhimili wa shafti, yaani mstari wa katikati yake, lazima ukatize mhimili wa bomba. Si kupita karibu nao, ukatize. Ukiwa umepanda au umeshuka kidogo, sikio moja litatoka fupi na jingine litabaki na ulimi mwembamba ambao meno hayakuufikia.

Ni kidogo kiasi gani? Hapa ndipo wengi hushangaa. Chukua paipu yenye kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na msumeno wa kipenyo hichohicho. Shafti ikikosa katikati kwa milimita 1 tu, sikio la upande mmoja linakuwa fupi kwa karibu milimita 7. Hesabu yake ni ya pembetatu mraba: nusu kipenyo ni 24.15, upande uliosogelewa na shafti unakuwa 23.15 kutoka katikati ya msumeno. Mraba wa kwanza toa mraba wa pili, tafuta kipeuo cha pili, unapata 6.9. Kosa dogo ambalo jicho halilioni kwenye kibano linakuzwa mara saba kwenye ncha ya sikio. Ndiyo maana sarafu yako inapita.

Uzuri wake ni kwamba jambo hilohilo linakupa kipimo cha bure. Chukua kipande chakavu cha bomba chenye kipenyo sawa na msumeno wako, kikate kwa nyuzi 90, na kabla hujakitoa kwenye kibano tia alama ya juu kwa chaki. Kitoe, safisha makali kwa tupa, halafu pima kila sikio kutoka kooni hadi nchani. Sikio la juu likiwa ndilo fupi, shafti iko juu ya katikati ya bomba, kwa hiyo bomba lipandishwe au shafti ishushwe. La chini likiwa fupi, kinyume chake. Usitegemee masikio kuwa na urefu kamili wa nusu kipenyo, kwa sababu meno yamepanuliwa kidogo pembeni na hukata tundu pana kuliko jina la msumeno. Unachotafuta ni masikio mawili yalingane. Yakitofautiana kwa milimita moja au mbili hivi, kosa lako limebaki kama sehemu ya kumi ya milimita. Hapo acha. Ncha zenyewe zitakuwa kali na nyembamba kama karatasi, na utazisaga kwa grenda kabla ya kuchomelea, maana zingeyeyuka tu.

Dawa yake ni bati. Fungua bolti zinazoshika kibano, au zinazoshika nyumba ya shafti, upande wowote ulio rahisi kufikika, na uweke vipande vya bati jembamba chini yake hadi masikio yalingane. Mkebe wa kinywaji ukikatwa hutoa bati la takriban sehemu ya kumi ya milimita, na sijaona kitu kinachoushinda kwa kazi hii. Kama kinachotakiwa ni kushusha na si kupandisha, na hakuna upande wa pili wa kuinua, itabidi usage uso wa kukalia. Fanya hivyo kwa tupa pana, polepole, huku ukipaka wino ili uone mahali panapogusa. Grenda itakuharibia.

Halafu angalia jambo moja ambalo halisemwi sana: kibano chako kina mfereji wa umbo la V, je, V hiyo inatazama wapi? Ikiwa skrubu inalisukuma bomba kwa mwelekeo wa shafti, yaani kutoka upande wa drili kwenda mbele au kinyume chake, basi ukibadilisha kipenyo, katikati ya bomba itasogea kwa mwelekeo huo wa shafti tu, na hilo halina madhara hata kidogo. Ukishasawazisha mara moja, umesawazisha kwa saizi zote. Lakini kama V iko chini na skrubu inabana kutoka juu, kila saizi ina urefu wake. Kwa V ya nyuzi 90, kutoka bomba la 33.4 kwenda la 48.3 katikati hupanda zaidi ya milimita 10. Kifaa cha namna hiyo kinahitaji kipande cha kukalia kwa kila saizi. Vikate kutoka bamba la chuma, kila kimoja ukipige alama ya saizi yake, na uvitundike mahali usipovipoteza. Ni kazi ya kuchosha, lakini inafanywa mara moja.

Sasa twende kwenye shafti.

Kutikisika kwake ndiko kunakovunja meno ya msumeno wako. Msumeno wa kikombe wa kawaida una keekee katikati inayouongoza. Kwenye kifaa hiki keekee hiyo huondolewa, kwa sababu katikati ya mdomo hakuna chuma cha kutoboa. Kinachouongoza ni bushi peke yake. Na bushi za vifaa rahisi huwa fupi na zimekaa karibukaribu. Tuseme ziko umbali wa milimita 60, na meno yako milimita 100 mbele ya bushi ya mbele. Nafasi ya milimita 0.2 ndani ya bushi, ambayo ungeweza kuivumilia kwenye mashine nyingine, huku mbele inakuwa mtikisiko wa karibu milimita 0.9 kutoka ukingo hadi ukingo. Meno yanapogusa ubavu wa bomba kwa mara ya kwanza yanarukaruka, jino moja linabeba mzigo wa wote, linavunjika, na la pili yake linafuata.

Kwa hiyo kuna njia mbili, na bora zifanywe zote. Ya kwanza ni kupunguza nafasi ndani ya bushi. Ya pili ni kuzitenganisha bushi zaidi na kufupisha kinachoning'inia mbele. Ya pili ina faida kubwa kuliko watu wanavyodhani: mfano wa juu ukiziweka bushi umbali wa milimita 120 badala ya 60, mtikisiko unashuka kwa zaidi ya theluthi moja bila kubadilisha nafasi yenyewe.

Mimi ningemwendea mkereza chuma na kipande cha bomba nene, nimwombe anikerezee nyumba mpya ndefu, yenye bushi ya bronzi kila mwisho, na matundu yote mawili yapitishwe rima (kifaa cha kupanua na kulainisha tundu) kwa mpigo mmoja ili yawe kwenye mstari mmoja. Hilo la mpigo mmoja lisisitize. Bushi mbili nzuri zisizo kwenye mstari mmoja zinaibana shafti, nawe utazilegeza ili izunguke, na umerudi ulikotoka. Kama mwili wa kifaa ni wa chuma cha kawaida, nyumba mpya inaweza kuchomelewa mahali pa ile ya zamani. Kama ni wa chuma cha kusubu au aluminiamu, usijaribu kuchomelea. Tengeneza kishikio cha bamba na uifunge kwa bolti. Ukisaga chuma cha kusubu utakijua kwa unga mweusi unaochafua vidole na cheche fupi zinazozimika karibu na jiwe.

Watu wataniuliza kwa nini si beringi. Shafti hii haizunguki tu, inateleza pia kwenda na kurudi, tena katikati ya vumbi la chuma. Beringi ya gololi haikuumbwa kwa kuteleza huko. Beringi ya sindano inaweza, lakini inadai shafti iliyotiwa ugumu. Kwenye shafti laini sindano zitachimba mistari yake ndani ya wiki chache. Bronzi inavumilia yote hayo kwa tone la mafuta. Adui yake ni chembe za chuma, kwa hiyo mbele ya bushi vika pete ya kitambaa kizito cha sufu iliyolowa mafuta, ikifutie shafti kila inaporudi. Hii ni nusu saa ya kazi inayoongeza umri wa bushi mara dufu, au hivyo ndivyo nilivyoona kwangu.

Kabla ya yote hayo, bingirisha shafti juu ya kioo. Ikiruka au ikionyesha mwanga chini, imepinda, na hakuna bushi itakayoisaidia. Tazama pia pale kikombe kinapokaa. Vikombe vya kuanzia milimita 32 huwa na uzi wa 5/8-18 (kipenyo cha inchi 5/8, nyuzi 18 kwa inchi), na vidogo zaidi ya hapo 1/2-20, kwa hiyo kifaa chenye uzi mmoja kinahitaji kipunguzio kwa vikombe vidogo. Kinunue kile kinachoegemea bega la shafti, si kinachoning'inia kwenye uzi peke yake. Bega lenyewe likiwa halijakaa mraba na shafti, kikombe kitazunguka kama gurudumu lililopinda. Mkereza atalisawazisha kwa dakika tano akiwa tayari ameshika kazi nyingine. Na kwa kuwa hakuna pini za kuzuia kikombe kisijikaze, weka washa (pete bapa) nyembamba kati ya kikombe na bega. Usipoiweka, baada ya mikato kumi utahitaji jiliwa, spana ndefu na matusi kukifungua.

Egemeo la pembe, yaani pale kifaa kinapogeukia, halihitaji maneno mengi. Bolti yake mara nyingi ni ndogo kuliko tundu lake. Pitisha rima na uweke bolti inayojaa. Alama za nyuzi zilizochongwa kwenye mwili zichukulie kama pambo: pima kati ya shafti yenyewe na bomba, kwa goniometa (kipima pembe) au kwa vipande vya mbao ulivyokata kwa uhakika. Ukishapata nyuzi 90, 60, 45 na 30 za kweli, toboa na utie pini, ili siku nyingine urudi palepale bila kupima. Chunguza pia kama kipimo kinaanzia sifuri pale unapotegemea 90. Viko vya namna hiyo, na vimepoteza mabomba mengi ya watu.

Halafu kifunge juu ya bamba nene, la milimita 10 au 12, na bamba hilo ulibane kwenye jiliwa au ulifunge kwenye meza. Mwili mwembamba unapojipinda chini ya mzigo, masahihisho yako yote ya bati yanapotea kwa muda wa mkato na kurudi ukiacha, kwa hiyo utapima kifaa kikiwa kimesimama na kila kitu kitaonekana sawa. Mwisho wa pili wa bomba refu uwekewe kigogo cha kulishika. Uzito wa bomba linaloning'inia ni nyenzo inayokisukuma kibano chini kwa saa nzima.

Baada ya hapo, ukataji wenyewe. Ninaamini nusu ya vifaa vinavyolaumiwa vinauawa na mwendo wa drili. Msumeno wa kikombe wenye meno ya chuma kigumu, ukiwa wa milimita 38, unataka kama mizunguko 230 kwa dakika kwenye chuma cha kawaida. Wa milimita 51 unataka kama 170. Kwenye chuma kisichoshika kutu, gawa kwa mbili. Drili nyingi za mkono zikiachiwa hupita 2,000. Tumia gia ya chini, vidole vyepesi kwenye swichi, na mafuta ya kukatia. Kipini cha pembeni kiegemezwe mahali au kishikwe imara, kwa maana meno yakinasa, drili yenye nguvu inageuza mkono wako badala ya kikombe. Glavu zivue. Kitu kinachozunguka na glavu havikai pamoja.

Mwanzo wa mkato ndio wa hatari, hasa ukiwa na pembe ya mshazari kama nyuzi 45, maana meno ya upande mmoja tu ndiyo yanayogusa. Acha msumeno ujichimbie njia karibu kwa uzito wake tu, hadi duara la kutosha liwe limeingia, ndipo usukume. Kuta nyembamba, za milimita 1.5 kwa mfano, zinataka meno ya karibukaribu. Meno yaliyoachana yanaukumbatia ukuta katikati yake na kung'oka.

Na kuna hila ya kina. Kikombe cha kawaida kina kina cha takriban milimita 40, wakati bomba la mfano wetu ni 48. Utafika mahali kitako cha kikombe kinagonga kipande kilichobaki ndani, na ukisukuma hakuna kinachokatika. Dawa ni kuliweka bomba ili mwisho wake ufike kwenye mstari wa katikati ya shafti, usipite mbali. Kwa nyuzi 90, msumeno ukifika nusu ya njia, kipande cha upande wa drili kinaachia chenyewe. Simamisha, kitoe, endelea na nusu ya pili. Bomba likipita mbali zaidi ya katikati, kipande hicho kinashikiliwa pembeni na hakitoki. Kwa nyuzi 45 safari ya msumeno ndani ya bomba hilohilo inafika milimita 68, kwa hiyo huko ama utafute kikombe kirefu, ama ukate kwanza mwisho wa bomba kwa mshazari ili kipungue cha kukata.

Neno kuhusu saizi, kwa kuwa hukuniambia unatumia bomba gani. Paipu huitwa kwa jina la tundu lake na tyubu kwa kipenyo chake halisi cha nje. Paipu ya inchi 1 ina kipenyo cha nje cha milimita 33.4, ya inchi 1¼ ina 42.2, ya inchi 1½ ina 48.3, na ya inchi 2 ina 60.3. Mtu anayechukua kikombe cha inchi 1½, yaani milimita 38, kwa ajili ya paipu ya inchi 1½ amekosa kwa sentimita nzima, na hapo kifaa hakina hatia. Na kumbuka kikombe kinafuata bomba litakalokaliwa, si hili unalolikata. Kama ni la mabati, saga zinki pale utakapochomelea, na usiuvute moshi wake.

Ukishafika kwenye kukata ncha mbili za bomba moja, tatizo linalofuata ni midomo kutotazamana. Baada ya mdomo wa kwanza, bana pimamaji dogo juu ya bomba likiwa bado kwenye kifaa, lilinganishe, kisha geuza bomba ukate mwisho wa pili huku kiputo kikiwa palepale. Urefu upime kooni: umbali wa katikati hadi katikati ya mabomba mawili utakayounganisha, toa nusu kipenyo cha kila moja.

Kuna hali moja tu ambayo ningekwambia ukiache. Piga mwili wa kifaa kwa nyundo ndogo usikilize. Ukilia kama chungu kilichopasuka, tafuta ufa kuzunguka tundu la bolti ya egemeo. Ukiwepo, vua shafti, kikombe na kibano uvitunze, na mwili ujenge mwenyewe kwa bamba. Vipimo vyote unavyo tayari.